Safari ya Taratibu Mpaka Ugweno

Palikuwa na mwalimu mmoja mzee, aliyewafundisha watoto wa Dar es Salaam miaka zaidi ya thelathini; mkewe alikuwa mwuguzi. Walipokwisha kustaafu wote wawili, wakafanya shauri la kurudi kwao Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Watu wengi huenda safari hiyo kwa basi, huondoka alfajiri na kufika Mwanga alasiri. Lakini hawa walikuwa na sababu mbili za kukataa basi. Ya kwanza ilikuwa mbwa wao, jina lake Simba, maana mwenye basi hapendi kuchanganya mbwa na abiria. Ya pili aliisema yule mama.

"Mwalimu," alisema, "miaka yote hii napita njia ile, wala sikuona kitu ila kisogo cha mtu aliyeketi mbele yangu. Safari hii ya mwisho nataka kuiona nchi."

Basi wakanunua gari kuukuu, Toyota Hiace, lililokuwa daladala. Fundi akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, na kabati la vyombo, na pipa la maji. Jiko dogo la gesi lilikuwamo pia, walakini halikuwashwa ndani hata mara moja. Kila walipotaka kupika walilitoa nje, mbali na nyasi kavu. Mapazia yalishonwa kwa khanga. Simba akapewa gunia lake la kulalia karibu na mlango, na bakuli lililofungwa kwa waya lisipinduke. Majirani wakaliita gari hilo nyumba ya kobe. Kwenye kioo cha nyuma yalikuwa yamebaki maandishi ya siku za daladala: TUTAFIKA TU. Mwalimu alitaka kuyafuta, mkewe akamkataza.

Ulikuwa mwezi wa Machi. Katika nchi za Ulaya wakati huo theluji huyeyuka na miti huchipua, na watu wenye nyumba za magurudumu huzitoa mabandani waende kutembea. Katika Upare mwezi wa Machi ni mwezi wa kutazama mawingu, kwa kuwa masika yako mlangoni; na mtu apandaye mlimani kwa gari hutaka kufika kabla ya udongo mwekundu haujalowa. Kwa hiyo walihesabu siku tano za safari, wala si zaidi.

Zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka, Simba alipelekwa kwa daktari wa mifugo akachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Mwili huhitaji majuma kama matatu kuitayarisha kinga yake. Daktari aliandika tarehe katika cheti, na bwana mifugo akatoa kibali cha kumsafirisha mnyama. Karatasi hizo mbili mama alizitia katika bahasha moja pamoja na vyeti vyao vya ndoa na vya kazi. Mwalimu alicheka kuona mbwa amepata makaratasi mengi kama mtumishi wa serikali.

Waliondoka siku ya Jumatatu kabla ya jua kuchomoza. Wakapita Kibaha na Mlandizi, wakavuka mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na watu wa Dar es Salaam, wakalala Chalinze katika uwanja wa kituo cha mafuta, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Ruvu hii mwanafunzi aiweke akilini, kwa maana liko jina jingine kama hilo mbele. Siku ya pili waligeuka kaskazini, wakavuka Wami, wakapita Mkata na Segera, njia panda ya Tanga, wakafika Korogwe jioni. Siku hizo mbili hazikuwa na jambo kubwa, ila mama alinunua machungwa mengi kuliko walivyoweza kuyala.

Asubuhi ya Jumatano hawakufanya haraka. Walitembea na Simba, amefungwa kamba, mpaka karibu na mto Pangani. Maji yalikuwa mengi yenye rangi ya udongo. Mwalimu akasimama akamwambia mkewe, "Maji haya yametutangulia. Yametoka kwetu." Wala hakusema mzaha, kama itakavyoonekana.

Korogwe ni nchi ya mkonge. Zao hilo halikuwa la Afrika. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliileta miche kutoka Florida, Marekani, kwa kupitia Hamburg. Miche 1,000 ilipelekwa. Iliyofika pwani ya Tanga ingali hai ni 62 tu. Kutoka hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa yanayofuatana na reli. Na reli yenyewe ilianza kujengwa Tanga mwaka ule ule wa 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Hesabu miaka hiyo, utaona ya kuwa hata chuma na moshi vilikwenda taratibu katika njia hii: miaka kumi na minane, kwa safari ambayo nyumba ya kobe huimaliza kwa siku mbili tatu.

Walilala Mombo, chini ya milima ya Usambara, ipandapo njia ya kwenda Lushoto. Siku ya Alhamisi ndipo walipoanza kuona joto. Tazama katika ramani: barabara kuu hufuata upande wa magharibi wa milima, Usambara kwanza, kisha bonde la mto Mkomazi, kisha Upare wa Kusini kwenye vilele vya Shengena, kisha Upare wa Kaskazini. Upepo wa mvua hutoka baharini, yaani mashariki. Ukiikuta milima hupanda juu, hupoa, huangusha maji yake huko huko. Ukishuka upande wa pili umekwisha kuwa mkavu. Kwa hiyo huko juu migomba husimama mibichi mwaka mzima, na huku chini, Hedaru na Makanya, msafiri huona miiba na vumbi, na watu wanaochimba jasi ardhini. Kati ya tajiri na maskini huyo wa mvua ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu.

Simba alihema sana, ulimi nje. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema na kwa kunywa maji. Walipofika Hedaru mwalimu alitaka kumwacha garini wakati wanakula chakula, madirisha yamefungwa asije akatoroka. Mama akamwambia atie mkono wake ndani ya gari baada ya dakika kumi. Akautia, akautoa mara moja. Gari lililofungwa juani huwa kama tanuri, na mbwa wengi wamekufa humo hali wenye mbwa wanakunywa chai kivulini. Wakala makande yao chini ya mgunga, na Simba miguuni pao.

Walifika Same jioni. Upande wa mashariki wa mji huo iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo mwaka 1951 ilifanywa pori la akiba, na mwaka 2008 ikafanywa hifadhi ya taifa. Mwalimu alitamani sana kuingia kuwatazama tembo, lakini mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia hifadhini. Watu wengine hudhani katazo hili ni kwa ajili ya kumlinda mbwa asiliwe na chui. Sababu kubwa ni kinyume chake. Huko Mkomazi tangu mwaka 1995 wametunzwa mbwa mwitu, wanyama wenye madoa na masikio mapana, ambao wamepungua sana katika Afrika. Walizalishwa ndani ya uzio ili wapate kurudishwa porini. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 uliingia ugonjwa uitwao distempa, ambao huwapata mbwa wa nyumbani pia. Mbwa mwitu walikuwa 52, wakafa 49. Kazi ya miaka mingi ikabaki na wanyama watatu, na watunzaji wakaanza upya. Mbwa mmoja wa kijijini asiyechanjwa, akitembea tu kutafuta mfupa, aweza kupeleka ugonjwa wa namna hiyo, au kichaa cha mbwa, mahali ambapo hakuna daktari wa kuwakimbilia wagonjwa. Mwalimu aliposikia habari hizo hakunung'unika tena. Akaitazama milima ya Mkomazi kwa mbali.

Siku ya Ijumaa walikusudia kuondoka Same mapema, wafike Ugweno mchana. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kaskazini. Mama akaenda sokoni kununua vitunguu, akamchukua Simba kwa kamba. Watoto wakamzunguka, kama ilivyo desturi ya watoto, wakauliza jina lake, wakataka kumgusa. Mmoja tu, kijana wa miaka minane au tisa, alijificha nyuma ya meza ya mama yake. Mguuni, chini ya goti, alikuwa amefungwa kitambaa.

Mama yule wa vitunguu akaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto huyu ameumwa na nini?"

"Mbwa alimwuma juzi, mama, kule kijijini. Si jambo. Bibi yake amempaka majivu na ugoro, na damu imekwisha katika siku hiyo hiyo."

"Mbwa wa nani?"

"Hatukumjua. Alikuja akitokwa na ute mdomoni, akamwuma huyu, akamwuma na mbuzi, akaenda zake."

Mama mwuguzi aliposikia maneno hayo, akaviweka vitunguu chini. Alijua jambo ambalo kila mtoto wa shule yampasa kulijua. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Ukiingia mwilini kwa kuumwa hauonekani kwanza. Husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na safari hiyo huchukua majuma au miezi. Kidonda cha mguuni hukawia zaidi, cha usoni hukawia kidogo. Wakati wote huo mtoto hucheza na kula kama kawaida, na wazazi husema kidonda kimepona. Lakini dalili zikitokea, akaanza kuogopa maji na kuweweseka, hakuna tena dawa ya kumponya. Kwa hiyo nafasi iliyopo ni ile ya siku za kimya, kabla dalili hazijaanza.

Dawa ya siku hizo ipo. Mwezi wa Julai mwaka 1885, huko Paris katika Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa mahali pengi na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa ameijaribu chanjo yake kwa mbwa. Akaamuru achomwe sindano siku baada ya siku, na mtoto akapona. Chanjo za leo ni safi kuliko ile, na sindano zake ni chache.

Mama hakumweleza mwuza vitunguu habari za Pasteur, kwa maana hapakuwa na nafasi. Aliomba sabuni na ndoo ya maji, akamfungua kijana kitambaa, akauosha mguu kwa maji yanayomiminika muda wa robo saa nzima, mpaka majivu na ugoro vikatoka vyote. Kijana alilia. Kuosha hivi hufaa hasa mara tu baada ya kuumwa, walakini hata kama siku mbili zimepita, afadhali kuosha kuliko kuacha. Kisha akasema, "Sasa twende hospitali."

"Na meza yangu, mama? Leo ni siku ya kuuza."

Mwanamke wa meza ya pili akasema, "Nenda, dada, nitakuuzia." Wakaingia wote katika nyumba ya kobe. Kijana hakukubali kuketi nyuma pamoja na Simba, ikambidi mwalimu ampakate mbwa mwenyewe mbele na mama aendeshe gari.

Hospitalini walingoja, kama watu wangojavyo hospitalini. Daktari aliuliza siku ya kuumwa, rangi ya mbwa, na mwenendo wake. Akaagiza kijana achomwe sindano ya kwanza saa ile ile, akaandika katika kadi tarehe za nyingine. Ya pili ilikuwa ya Jumatatu. Tena habari ikapelekwa kwa bwana mifugo, ili watu wa kile kijiji waonywe na mbwa wao wachanjwe. Wataalamu husema ya kuwa mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukakoma wenyewe. Mama mwuguzi akaandika namba yake ya simu nyuma ya kadi. "Jumatatu nitakupigia," alisema, "na usiponipokea nitarudi."

Saa nane ya mchana ilikuwa imekwisha kupita walipoondoka Same. Walipofika Mwanga, kichwa cha mlima hakikuonekana tena. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu yake, na upepo ulileta harufu ya udongo. Matone makubwa yakaanza kuanguka juu ya bati la gari.

Mwalimu hakuzima moto wa gari. "Tupande sasa hivi," alisema. "Ni mwendo mfupi tu. Ndugu zetu wamechinja, wamepika, wanangoja. Tukilala hapa chini mlangoni kwetu watu watasema nini?"

"Chakula kitapoa, Mwalimu," mkewe akamjibu, "nacho kitapashwa moto. Gari likianguka bondeni halipashwi moto."

Mwalimu akanyamaza. Malori mawili yakawapita yakielekea juu, na vijana waliokaa juu ya mizigo wakawapungia mikono. Ni vigumu kwa mwanamume kukaa kimya wakati wengine wanampita. Lakini alizima moto, wakatafuta mahali palipoinuka, mbali na korongo, maana maji ya mlimani hushuka kwa ghafula hata mahali ambapo mvua haijanyesha. Mvua ikanyesha usiku kucha. Simba aliogopa radi akaingia chini ya kitanda.

Siku ya Jumamosi ilipokucha, watu walishuka kwa miguu, viatu mkononi. Lori moja lilikuwa limeteleza katika kona, likasimama kukingama njia, magurudumu ya nyuma yakiwa yamepita ukingo. Hakuna aliyekufa. Abiria walikuwa wamelala juu ya magunia, wamelowa. Mama akawapikia chai, sufuria baada ya sufuria, mpaka gesi ikaisha. Mwalimu aligawa yale machungwa.

Jumapili jua likatoka, njia ikakauka juu. Lori lilikuwa limevutwa. Wakapanda kwa gia ya kwanza, wakipiga honi kila kona, na mahali penye tope mama na Simba wakashuka wakaenda kwa miguu ili gari liwe jepesi. Hewa ikabadilika. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Vumbi la Same likawa kama habari ya nchi nyingine. Wakafika penye migomba na kahawa, na mifongo ya maji ikipita kandokando ya njia. Tangu zamani Wapare na Wagweno wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito wakati wa usiku, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Mwenye kuiba zamu ya mwenzake hushtakiwa kwa wazee. Ugweno ilisifiwa zamani kwa jambo jingine pia: wahunzi wake wa ukoo wa Washana walifua majembe na silaha, na Wachaga waliyanunua.

Walipofika ukingoni, kabla ya kushuka nyumbani, mwalimu alisimamisha gari. Mashariki lilionekana ziwa Jipe, na ng'ambo yake nchi ya Kenya. Kaskazini Kilimanjaro ilikuwa imefunua kichwa. Akamwonyesha mkewe kwa kidole. Kutoka Jipe hutoka mto, na jina lake pia ni Ruvu. Mto huo huzunguka mwisho wa milima ya Upare, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, pamoja na maji ya Kikuletwa yatokayo Meru na Kilimanjaro. Kutoka bwawani maji hayo huitwa Pangani, hushuka kusini, hupita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme pale Hale, kisha huingia baharini. Maji waliyoyaona siku ya Jumatano yalikuwa hayo. Mama akatazama kwa muda mrefu.

"Na mimi nilidhani umesema kwa kutaka kunifurahisha," alisema.

Chakula kilikuwa kimepashwa moto mara mbili. Ndugu walimshangaa mbwa aliyekuja na cheti, na mzee mmoja mwenye mbwa wanne akataka kukisoma, akakisoma mpaka mwisho, akauliza bwana mifugo wa Mwanga hupatikana siku gani.

Jumatatu jioni mama alipiga simu Same. Mwuza vitunguu alipokea mara ya kwanza. Sindano ya pili ilikuwa imechomwa asubuhi, alisema, na kijana amekwenda shuleni; mbuzi aliyeumwa amefungwa peke yake kwa amri ya bwana mifugo. Mama akatoka nje kumpasha mumewe habari, lakini hakumkuta. Alikuwa amechukua jembe, amekwenda kuuzibua mfongo, kwa maana zamu ya maji ya nyumba yao ilikuwa asubuhi ya kesho, na Simba alikuwa amemfuata.